Walipompima Binti Yangu Kwenye Zulia

Niliwakuta wamemlaza binti yangu kwenye zulia, chali, mikono ameitandaza kama nguo iliyoanikwa. Baba yake amepiga magoti upande mmoja, rafiki yake wa kanisani upande wa pili, na kati yao wamenyoosha futi yangu ya kushonea, ile ya njano niliyotoka nayo kambi ya wakimbizi. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Ndani yake sauti ya shemeji yangu wa Columbus, kaka mkubwa wa mume wangu, ilikuwa inasema polepole kama mtu anayesali:

"Urefu nimeandika. Sasa munipe mikono. Kidole mupaka kidole."

Mtoto hakuwa analia wala hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama dari.

Nilikuwa natoka kazini, ghala la vifurushi karibu na uwanja wa ndege, bado nimevaa viatu vyenye chuma puani. Marehemu mama yangu alikuwa na msemo wake: mzima hupimwa akiwa amesimama, anayelazwa chini akapimwa ni yule anayesubiriwa na seremala. Sikuutafuta msemo huo. Ulikuja wenyewe, kwa sauti yake, pale mlangoni. Nikaenda kwenye cherehani nikachukua mkasi mkubwa, nikapiga magoti katikati ya wale wanaume wawili, nikaikata futi juu ya kifua cha mtoto. Kipande kimoja kikabaki mkononi mwa baba yake, kingine kwa rafiki.

"Inuka," nikamwambia binti. Akainuka.

Simu ikauliza, "Kuko nini? Mbona kimya? Mikono iko ngapi?"

"Mikono ni miwili, shemeji," nikasema. "Na yote niliizaa mimi."

Nikakata simu.

Sitaki mtu asome hapa akadhani nachukia mpira wa kikapu. Naupenda. Ukiishi Louisville huna pa kuukimbilia. Mtu akikuuliza habari za asubuhi, anachotaka kujua ni kama jana uliangalia mechi ya chuo kikuu. Tulipofika, watu wa kanisa waliotupokea walitupa fulana za timu kabla hatujapata godoro. Tukazivaa. Baadaye timu ikaanza kufungwa, ikafungwa mpaka watu wakaona aibu kuzivaa fulana zao sokoni. Kocha akafukuzwa, akaletwa mpya. Wachezaji wa zamani karibu wote wakaondoka, kila mmoja akaenda kutafuta chuo kingine, na kocha mpya akaanza kujaza nafasi kwa vijana wanaohama kutoka vyuo vya mbali. Timu nzima ya wageni.

Hapo ndipo wanaume wetu walipopagawa.

"Hii timu njo sisi, ni sisi wenyewe," mume wangu alisema, amesimama katikati ya sebule na kijiko mkononi. "Hakuna hata moja alizaliwa hapa. Wote wamehamishwa!"

Wakafungua kikundi kwenye simu: yeye, kaka yake wa Columbus, mdogo wao wa Buffalo, na wanaume wa makanisa ya miji hiyo mitatu, karibu wote watu wa milima ya Kivu ya Kusini kama wao. Jumapili baada ya ibada simu inawekwa mezani, sauti inafunguliwa, na wanaanza kupima nani anafaa kuongezwa kwenye timu. Utadhani kocha anasubiri jibu lao.

"Ule mukubwa wa chini ya pete, goti yake walishapasua," anasema Columbus. "Goti ya kupasuliwa inajua siku mvua itanyesha. Kuruka haijue."

"Weye wa Columbus unaongea nini?" anaitikia Buffalo. "Kocha yenu mwenyewe anakaa pale kama mutu anangojea kung'olewa jino."

"Buffalo, nyamaza. Ninyi muko na theluji, hamuna timu."

"Theluji haifungwe, kaka. Kila mwaka inashinda."

Siku moja na mimi nikapayuka kutoka jikoni, mikono imejaa unga wa fufu: "Mchukueni yule mfupi wa chuo kidogo! Anarusha kutoka mbali, na akikosa hamwangalii kocha usoni." Wakacheka. Halafu Columbus akasema, "Shemeji ameona." Na kweli, kijana yule kocha akamchukua. Wiki ile nzima nilitembea ghalani shingo imenyooka kama mimi ndiye niliyemsajili.

Kilichoanza kunikera ni maswali yao. Amebakiza miaka mingapi? Ametoka mkononi mwa nani? Anaweza kukaa mbali na mama yake? Maswali hayo nayajua. Kambini tulikaa kwenye benchi, tukaitwa mmoja mmoja, tukasimamishwa ukutani kupimwa urefu, tukaulizwa mambo yetu na watu wasiotutazama, tukarudi kungoja jina libandikwe ubaoni. Sasa waliopimwa wamekuwa wapimaji. Sikuwalaumu. Nadhani ilikuwa raha kwao kukaa upande ule mwingine wa meza.

Kisha nafasi zikajaa. Kocha akasema timu imetimia. Nikashukuru Mungu, nikajua Jumapili sebule itakuwa yangu.

Simu haikunyamaza, ila sauti zilishuka. Nikiingia na sinia ya chai, maneno yanakatika, kila mtu anaanza kukohoa. Mume wangu akawa anampeleka binti kwenye kiwanja cha nyuma ya apatimenti, pale penye pete isiyo na wavu, na kumpiga video. Anamwambia aruke, ageuke, atembee kwenda kwenye uzio kisha arudi. Nikauliza, kutembea kuna mchezo gani? Akasema, "Wanataka kuona vile anatembea."

Binti yangu ana miaka kumi na mmoja na amenipita urefu. Urefu huo ameuchukua kwa bibi yake, mama wa mume wangu, na jina pia ni la bibi. Kwetu mtoto akirithi jina la bibi mzaa baba, baba yake humwita mama. Mama, kula. Mama, vaa viatu. Baba zake wakubwa na wadogo vilevile. Nyumba nyingi wanafanya hivyo, kwa heshima na kwa mzaha, na sikuwahi kuona ubaya wake.

Bibi mwenyewe sikumjua. Alifia njiani wakati wa kukimbia. Wanawe watatu walimwacha kwenye kivuli cha jiwe wakashuka kutafuta maji, risasi zikaanza, hawakuweza kupanda tena. Hawakumzika. Matanga hayakuwekwa, si kambini, si Marekani. Mume wangu aliniambia hayo mara moja tu, kabla hatujaoana, akaniomba nisimuulize tena. Sikuuliza.

Masika tulikwenda Buffalo kwenye harusi ya yule shemeji mdogo. Ukumbi wa kanisa, kinanda kinalia, watoto wanakimbizana chini ya meza. Tulipoingia, meza nzima ya wazee wakasimama. Niligeuka nyuma nione ni mkubwa gani ameingia. Nyuma yangu palikuwa na mlango tu. Walikuwa wamemsimamia mtoto wangu.

Mzee mmoja anayefanya kazi kiwanda kimoja na bwana harusi akaushika mkono wa binti kwa mikono yake yote miwili, akainama.

"Karibu, mama. Umekuwa murefu kama zamani."

Nikamvuta mume wangu kando. "Huyu mzee amemwona wapi mtoto?"

"Kwenye video."

"Na hiyo zamani ni ipi?"

Akajifanya anatafuta viti.

Wanawake wakamkalisha binti katikati yao, wakawa wanamshika vidole na kumnyoosha mkono, wanaulinganisha na mikono yao. Mmoja akaniuliza, "Huyu njo anaenda Columbus?"

"Hapana, mama. Sisi tunarudi Louisville."

Akanitazama kwa huruma, ile ya kumtazama mtu ambaye msiba umeshamfika na yeye bado hajaambiwa. "Bon, sawa," akasema. "Kula kwanza."

Njiani kurudi, binti akauliza, kwa Kiingereza kama anavyojibu kila kitu, kwa nini yule mzee alikuwa analia. Baba yake akaongeza sauti ya redio.

Ndiyo maana nasema siku ya zulia haikuanza siku ile. Nilipoikata ile futi, rafiki wa kanisani alichukua kofia yake akaondoka bila kuaga. Mume wangu akabaki amekaa chini na kipande chake.

"Weye unatuharibia," akasema. "Columbus kuna shule, iko na kocha muzuri wa wasichana. Kaka ameshaongea nao. Mwezi wa nane anaanza."

"Nani amekubali?"

"Kikundi."

Kikundi! Watu ambao sijawahi kula nao walimpigia mtoto wangu dole gumba kwenye simu, kama walivyokuwa wakiwapigia wachezaji.

"Kwani mutoto wa ndugu ni wa nani?" akasema. "Na mimi nililelewa kwa baba mukubwa. Ni desturi."

Ni kweli. Kwetu mtoto kwenda kulelewa kwa kaka ya baba yake si jambo la kuitia kikao. Anayekataa huonekana mchoyo, au mke mbaya. Nikamuuliza, "Na wewe siku ulipopelekwa, ulilia?"

Akaanza kuikunja ile futi.

"Sawa," nikasema. "Twende mimi nione anapokwenda."

Tulifika Columbus Jumamosi mchana. Shemeji anakaa nyuma ya barabara ya Morse, kule kwenye maduka ya Waafrika, ambako ukishuka garini harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, inakupokea kabla ya mwenyeji. Mke wake alikuwa kazini. Shemeji alitufungulia mwenyewe, amevaa suti. Mchana wa Jumamosi, ndani ya nyumba yake, suti ya ibada.

Mimi alinipa mkono. Kwa binti aliinama.

"Mutoto aone chumba," akasema. Kabla hajaonyesha ni mlango upi, binti alikuwa ameshaufungua wa mwisho upande wa kushoto, ameingia.

Nilitegemea kuona mpira, picha za wachezaji, viatu vya michezo. Hakukuwa na mpira. Pazia limefungwa, dirisha limeachwa wazi kidogo, na pazia linapumua. Kitanda amekiunganisha mwenyewe kwa mbao. Kimezidi urefu wa mtu yeyote wa nyumba ile, na miguuni ameongeza kipande cha sponji kwa sababu magodoro ya duka hayafiki huko. Juu yake kitenge kimekunjwa vile wanavyokunja wamama wa zamani, ncha ndani. Chini, ndala za mtu mzima zimepangwa, vidole vinatazama kitanda. Dirishani kikombe cha maziwa.

Nilikitazama kile kikombe. Maziwa hayakuwa na utando.

"Ni ya leo," shemeji akasema nyuma yangu. "Ya jana ninamwaga."

"Baba mkubwa, mpira uko wapi?" nikauliza.

"Mupira ni wa shuleni. Hapa ni pa kupumuzika."

"Hizo ndala ni za nani? Mguu wake haujafika hapo."

"Utafika."

Binti alikuwa amekaa kitandani, mgongo wima, mikono mapajani. Hakai hivyo. Nyumbani anakaa kama nguo iliyotupwa. Shemeji akapita mbele yangu, akachuchumaa kwenye kapeti na suti yake, akamuuliza kwa sauti ndogo:

"Mama, umefika?"

Na mtoto wangu, ambaye tangu aanze shule hajawahi kunijibu Kiswahili mpaka nimtishe, akajibu kwa lafudhi ya milimani, sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake:

"Nimefika, mwanangu."

Naandika nilichoona tu: shemeji alifumba macho, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kichwani. Mume wangu alikuwa ameegemea ukuta, ananong'ona kitu na sakafu. Nikawahesabu watu waliokuwa mle chumbani, na nikaona sina uhakika na jibu.

Kilichoniokoa ni hasira. "Nani amemfundisha hayo?"

Binti akashtuka, akawa tena mtoto wangu. Akaeleza kwa Kiingereza chake: baba mkubwa humpigia kila Jumamosi mimi nikiwa kazini. Ni mchezo wao. Akijibu vizuri anasimuliwa habari za milimani, za ng'ombe na ukungu. Akasema pia, taratibu, kwamba baba mkubwa hufurahi sana akijibiwa hivyo.

"Na mlango? Ulijuaje mlango?"

Akainua mabega. Hilo mpaka leo hajanijibu.

"Mama anakaa kwa mutoto mukubwa," shemeji akasema, bado amechuchumaa. "Njo vile inakuwaka. Na mimi njo mukubwa. Donc..." Ile donc yake, ile "kwa hiyo" ya Kifaransa, ikamfia mdomoni. Alipoanza tena, hakuwa anaongea nami. "Nilimwambia nitarudi. Nilikuwa nimeshika kidumu."

Pale ndipo nilipoelewa kwamba kwa miezi yote ile hawakuwa wanatafuta mchezaji. Kumtaka mama yao waziwazi wasingeweza. Mpira uliwapa njia ya kupima urefu wake na mikono yake na mwendo wake, wakibishana, wakicheka, wakipiga dole gumba, na hakuna mwanaume hata mmoja aliyelazimika kulia mbele ya mwenzake.

Nilielewa, na sikulainika. Kuelewa ni kitu kimoja.

"Pole, baba mkubwa," nikasema. "Pole kabisa, natoka moyoni. Lakini huyu hakuachwa na mtu popote. Huyu ana mama, na mama yake ni mimi."

"Punguza sauti," mume wangu akasema. "Majirani."

"Buffalo nzima walijua kabla yangu! Acha na majirani wa hapa wasikie!"

Nikamshika binti mkono. Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni, nikasikia maji ya bomba jikoni na kitu kinamwagwa kwenye sinki, polepole sana.

Garini tulikwenda bila redio. Karibu na kuvuka mto wa Ohio ndipo mume wangu aliposema tuyamalize nyumbani. Nikasema hapana. Mambo yaliyoanzia kwenye kikundi hayaishii chumbani kwangu. Kanisani kwetu mke hawashtaki ndugu za mume wake kwa maandishi. Anamwendea mke wa mchungaji, wanaomba, anapewa chai, anarudi nyumbani. Sikutaka chai. Kwanza nilikwenda shuleni nikamwambia karani wa ofisi kwamba asikubali ombi la kumhamisha binti yangu bila kunipigia mimi. Halafu nikaandika mashtaka kwa mkono, nikamwachia mume wangu mezani ayasome. Aliyarudisha. Alikuwa amefuta sehemu moja. Mimi niliandika kwamba mama yao hakuzikwa. Juu yake yeye ameandika: hatukumzika.

Jumapili, baada ya matangazo, nilisimama nikampa karatasi katibu wa wazee, nikamwomba aisome kwa sauti, na simu yenye kile kikundi iwe wazi mezani, Columbus na Buffalo wasikie. Majina yote yalikuwemo. Hapa nimeyaondoa.

*

Kwa Baraza la Wazee wa kanisa letu, Louisville.

Mimi ni mama mzazi wa mtoto aliyetajwa hapo juu. Nawashtaki ndugu watatu, mume wangu akiwa mmoja wao, pamoja na kikundi chao cha mpira.

Walimpiga mtoto wangu video na kuzituma kwa wanaume wasiomhusu. Walimlaza chini akiwa mzima wakampima. Walipanga ahame shule na ahame nyumba, mimi sijaulizwa. Baba yake mkubwa alimfundisha kwa siri kuitika kama mtu aliyekufa. Kwenye kikundi waliongea habari zake miezi mingi wakimwita mrefu, wakimwita yule wa Louisville, wakimwita mama. Jina lake analoitwa shuleni hawajalitaja hata mara moja. Naomba katibu alitaje sasa, mara tatu, watu wazoee.

Naomba video zifutwe. Naomba asimwite tena mama mtu yeyote ambaye mtoto huyu hakumzaa, baba yake vilevile, mpaka mtoto mwenyewe akikua aseme kama anataka.

Mama yao alikuwa mtu, na ana haki yake. Hatukumzika. Naomba kanisa liweke siku ya matanga, ndugu wote watatu wawepo, walie mbele za watu kama watoto waliofiwa. Kitenge kilicho Columbus kiletwe siku hiyo. Kitanda apewe mtu mzima mwenye shida ya kitanda.

Chakula nitapika mimi. Mtoto nitamleta mimi, na nitaondoka naye.